Upande Mnene wa Kabari

Watu wa mbioni hawanijui jina. Huniita Dada wa Cheche, na wakiwa na haraka husema tu "yule dada yake." Cheche ni mdogo wangu. Yeye hukaa kwenye usukani, mimi hukaa chini ya gari. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, lakini hawakusema utangoja mpaka lini. Mimi nimengoja miaka kumi na moja, chali, mafuta ya giaboksi yakinidondokea kwenye nyusi, na aliye juu hajashuka bado.

Niseme ukweli mapema tusichoshane: namwonea wivu. Si wivu wa kuoneana viatu. Huu unaamka nami asubuhi, unapiga mswaki nami, unakunywa chai yangu ikingali moto. Kuna siku huwa nampenda kuanzia saa nne hadi saa sita, halafu mtu anapita nje ya karakana anapiga kelele "Cheche, tunakutegemea," na mapenzi yote yanaisha.

Usukani aliupata kwa haki, na hilo ndilo linaloniuma. Mbio zetu ni za mstari mnyoofu: magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, na sekunde kumi na moja baadaye mmoja ameshinda. Anayechelewa kuiona taa ameshachelewa kila kitu. Mimi nilipokuwa na miaka ishirini na mbili na yeye kumi na tisa, Baba alitukalisha kwenye viti viwili vya gari bovu, akatufungia pedali zenye swichi, akawa anawasha balbu bila kutuambia lini. Mara kumi. Cheche alinishinda mara tisa. Ile ya kumi nadhani alinihurumia.

Baba akanishika bega. "Wewe una mkono, mwanangu. Mkono kazi yake ni chini." Alidhani ananipa zawadi. Nami nilijikaza kisabuni, nikachukua spana.

Na mkono ninao, sijisifu. Gari letu ni la zamani, nyuma lina springi za mabapa: vyuma virefu vilivyolaliana, kirefu juu, kifupi chini, fungu moja kila upande wa gari. Juu ya springi imekaa ekseli, katikati yake difu, lile tufe la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Kutoka giaboksi mpaka kwenye pua ya difu inapita propela, bomba la chuma linalozunguka, na kila ncha ina krosi, kile kiungo kinachoiruhusu ikunjike kidogo huku inazunguka. Dereva akikanyaga mafuta, tairi zinang'ang'ania lami, springi zinajipinda, na pua ya difu inainuka. Kwa hiyo gari likiwa limesimama, lazima uiache pua inatazama chini kiasi, ili ikiinuka ije kunyooka na propela na isipitilize. Ikipitiliza, gari linatetemeka, krosi inakatika, na propela iliyokatika haina adabu. Inaweza kutoboa sakafu ikaingia na mguu wa mtu. Ikichimba lami kwa mbele, gari linarushwa.

Kupanga hiyo pembe ndiyo kazi yangu. Gari linapandishwa magurudumu yote manne juu ya ngazi za chuma, ili uzito ukae kwenye springi kama barabarani. Kisha unalegeza boti zinazoibana ekseli kwenye springi, unaingiza kabari kati ya springi na kikalio cha ekseli, moja kushoto, moja kulia. Kabari ni kipande cha chuma chenye upande mnene na upande mwembamba. Upande mnene ukielekea nyuma ya gari, pua inashuka. Ukielekea mbele, pua inapanda. Zote zina umbo moja, hazina alama, na ukiwa umelala chali gizani mle, mbele na nyuma hugeuka kirahisi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana Baba alitufunza kanuni ya nyumba yetu: unaingia kwa nyuma siku zote, miguu imebaki upande wa taa za nyuma, na upande mnene unauelekeza miguuni kwako. "Mnene miguuni," basi. Mafundi wengine hutucheka, wao huchora mshale kwa rangi. Baba husema mshale hufutika na oili, miguu haifutiki.

Alhamisi ile tulikuwa na tairi mpya, zinashika kuliko zile za zamani. Tairi zikishika zaidi, springi hujipinda zaidi. Pua ilikuwa chini kwa nyuzi tatu, nikaona itahitaji tano. Kabari ya nyuzi mbili kila upande, kazi ya saa moja na nusu. Nilikuwa nimeshalegeza boti zote nane, nimetoka kuchukua kabari mezani, nikakuta wageni: mwandishi mmoja wa habari za michezo, na mpiga picha mwenye fulana yenye mifuko mingi isiyo na kitu.

Hawakuja kuniona mimi, hilo halihitaji kusemwa. Cheche alishapanda, amekaa juu ya buti la gari, miguu inaning'inia, ameshika kofia ya mbio mapajani. Alikuwa amependeza. Hata ovaroli lake lilikuwa safi, na mimi ndiye niliyelifua.

Nilivuta ubao wangu wa magurudumu, nikainama niingie kwa nyuma kama kawaida.

"Samahani, fundi," akasema mpiga picha. "Unaweza kusogea kidogo? Unaziba taa za nyuma."

"Nina kazi huku."

"Dakika mbili tu, dada."

"Mpishe, mama," Baba akasema kwa upole, amekaa juu ya tairi kuukuu na mgongo wake mbovu. "Kazi haikimbii."

Cheche aliniangalia kama anataka kusema kitu. Sikumpa nafasi. Nilizunguka na ubao wangu mpaka mbele ya gari, nikalala chali, nikajisukuma chini ya injini, chini ya giaboksi, nikaifuata propela mpaka nikafika kwenye difu. Kwa hasira hata taa sikuchukua. Huwa ananishikia Cheche, naye alikuwa anapigwa picha.

Kule chini husikii vizuri mambo mengi, lakini jina lako unalisikia, na pale ambapo jina lako lingefaa kutajwa pia unapasikia.

"Huyu," Baba alikuwa anasema, "huyu ndiye aliyerithi damu yangu. Jicho, mguu, kila kitu."

"Na yule mwingine?" mwandishi akauliza.

"Yule?" Baba akasema. "Yule ananisaidia."

Ananisaidia. Kama mtu wa kushika ndoo. Mikono yangu ikaendelea yenyewe. Kabari ya kushoto, mnene miguuni. Kabari ya kulia, mnene miguuni. Nikakaza boti kwa nguvu ambayo haikuwa ya boti. Nilipotoka, mwandishi alikuwa anamuuliza Cheche anapenda kula nini kabla ya mbio.

Kanuni ni kupima baada ya kukaza. Unaweka kipima pembe kwenye pua ya difu, kisha kwenye propela, unatoa hiki kwa kile, unaandika. Mimi nilipita mbele yao, nikaenda ubaoni, nikachukua chaki, nikaandika 5. Sikupima. Nilijua ni tano. Miaka kumi na moja sijawahi kukosea, na siku hiyo sikutaka kulala tena chini miguuni pa mtu anayechekea kamera. Nikaenda kunawa.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali, lami inanata. Magari yalipangwa foleni jozi kwa jozi, yakisukumwa kwa mkono ili injini zisichemke bure. Cheche alikuwa jozi ya tano, amefungwa mikanda, kofia kichwani, ametulia. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilisimama kando ya uzio na Baba, hatua kama thelathini nyuma ya gari letu, namsikiliza akiwaambia watu wasiomuuliza kwamba yule ni mwanawe.

Jozi ya kwanza ilipoondoka, Baba akatoa simu. "Umeona? Wameitoa picha. Angalia mdogo wako alivyotoka."

Niliichukua. Nitakiri jambo la aibu: sikumtazama Cheche. Nilijitafuta mimi. Nilikuza picha, nikaipekua kona kwa kona, karakana yetu yote ilikuwemo, gari limepigwa kwa ubavu kutoka taa za mbele mpaka za nyuma, Cheche juu ya buti anacheka, Baba nusu bega. Mimi sikuwepo. Halafu nikaona buti zangu, zile zenye kamba moja nyeusi na moja ya kahawia, zimetokeza chini ya bampa, nilipokuwa ndiyo kwanza naingia. Ndicho kipande changu magazetini, nikawaza, soli mbili.

Nikaziangalia tena. Zilikuwa zimetokeza chini ya bampa la mbele.

Miguu ilikuwa mbele. Mnene miguuni. Basi upande mnene umeelekea mbele, kushoto na kulia, na pua niliyotaka kuishusha nyuzi mbili nilikuwa nimeipandisha nyuzi mbili. Si tano. Ni moja. Kwa tairi mpya zile, Cheche akikanyaga, pua itainuka ipite mstari wa propela kwa mbali, na krosi itaanza kujitafuna tangu mita ya kwanza.

"Vipi?" Baba akauliza. "Mbona kimya?"

"Imetoka vizuri," nikasema. Nikamrudishia simu.

Sasa hapa ndipo ningetamani nikuambie nilikimbia.

Sikukimbia. Zilikuwa zimebaki jozi tatu mbele yake, nami nilisimama pale na mikono mfukoni. Nilifikiria nitakachosema. Nitasema mbele ya watu wote hawa kwamba mimi, mwenye mkono, nimeweka kabari kinyume kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Gari litatolewa kwenye foleni. Mwandishi yupo, ataandika. Baba atasema nini? Atasema ananisaidia, lakini wakati mwingine huharibu.

Jozi ya pili ikaondoka.

Kisha wivu ukaanza kuzungumza, na una sauti ya mtu mwenye akili. Ukasema: pengine halitakatika. Litatetemeka tu. Ataondoa mguu, atashindwa, basi. Mara moja ashindwe, kuna ubaya gani? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, acha aonje. Wataona kwamba bila wa chini, wa juu si lolote. Watauliza, kulikoni leo? Wataniuliza mimi. Niliona kabisa mwandishi yule akija kwangu na kijidaftari chake. Nilipenda nilichokiona, na sitajitetea.

Jozi ya tatu ikaondoka. Moja ya magari yale ilipoteza mwelekeo kidogo, ikagusa mstari, dereva akairudisha. Watu wakasema "aaa" kwa pamoja kisha wakacheka. Mimi nikaona mguu wa Cheche, ule wa kulia, wenye kovu la baiskeli niliyomsukuma nayo mwenyewe tukiwa wadogo, na chini ya mguu huo sakafu ya bati, na chini ya bati propela. Hata hivyo nilingoja kidogo tena. Jozi ya nne ilikuwa inapasha tairi moto, moshi umetanda, ndipo miguu yangu ikaondoka. Nilipolifikia gari letu, jozi ya nne ilikuwa imekwenda.

Alikuwa hajawasha. Niliushusha wavu wa dirishani, nikaingiza kichwa.

"Cheche. Usiende."

"Kuna nini?"

"Kabari. Nimeziweka kinyume, zote mbili. Niliingilia mbele siku ile ya picha. Pua iko nyuzi moja, haiko tano. Mwambie mwamuzi gari bovu, shuka."

Ndani ya kofia niliona macho tu. Hayakushtuka.

"Iko tano," akasema.

"Nakuambia iko moja. Sikupima, niliandika tu."

"Ilikuwa moja. Jana ulipokwenda kutafuta oili niliingia chini nikapima. Nikalegeza, nikazigeuza, nikakaza, nikapima tena mara mbili. Iko tano, Dada."

Nilishindwa kuelewa maneno mepesi kama hayo. "Umepima wewe? Nani kakufundisha?"

"Miaka yote nakushikia taa kule chini. Ulidhani nilikuwa naangalia nini?"

Unajua nilihisi nini kwanza? Si nafuu. Nafuu ilikuja baadaye, inachechemea. Kwanza nilihisi kuibiwa. Juu alishachukua, nikabakiwa na chini, mita nne za giza na mafuta, nikajua angalau hapa haingii mtu. Kumbe alishaingia siku nyingi, amekaa, amejifunza, na amefanya bila boti moja kulia vibaya.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

Mwamuzi alikuwa anapunga bendera, tusogee. Vijana wawili wa uwanjani wakaanza kulisukuma gari, nami nikawa natembea pembeni nimeshika dirisha.

"Nilitaka kujua kama ulikosea au ulikusudia," Cheche akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Sikulala usiku kucha. Nikasema, kama amekosea, akikumbuka tu atakuja mbio."

"Nimekuja."

"Umekuja." Akanyoosha kidole kwenye kioo kidogo cha kuangalia nyuma. Humo, nikiinama vizuri, niliona uzio, na Baba na simu yake, na nafasi tupu niliyokuwa nimesimama. "Nilikuona ulipoangalia ile picha. Uso wako naujua. Ilikuwa imeondoka jozi moja tu."

Siku zote yeye ndiye anayewahi kuiona taa, si mimi.

"Jozi tatu, Dada," akasema, akaurudisha wavu mwenyewe, akashusha kioo cha kofia na kuwasha.

Nilirudi nyuma kwa sababu lazima urudi nyuma, si kwa sababu nilijua ninakokwenda. Taa ikawaka na alikuwa ameshaondoka. Gari lilikaa chini nyuma, pua ya boneti ikainuka, tairi zikashika, na halikutetemeka hata chembe. Mimi nalijua lile gari kwa sauti. Niliisikia propela ikizunguka imenyooka, safi, mpaka mwisho wa mstari. Ilikuwa pembe nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na zote nilizowahi kuzisikia ni zangu. Alimwacha mwenzake kwa urefu wa gari zima.

Watu wakavunja uzio. Cheche aliporudi amevutwa kwa kamba, kama magari yote yarudivyo, Baba alikuwa ameshafika mbele yangu, mgongo mbovu na yote. Nilidhani ataenda kwake. Akanijia mimi. Akanishika uso kwa mikono yake miwili, mbele ya mwandishi, mbele ya mpiga picha na mifuko yake, akiwa na machozi.

"Mmesikia lilivyoondoka?" akawaambia. "Halikutikisika. Hizo ni pembe za huyu. Huyu, mwanangu mkubwa. Andika hilo. Mimi mwenyewe katika siku zangu sikuwahi kupanga pembe kama ile."

Miaka kumi na moja. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo chini ya gari, neno kwa neno, hata nilishayatungia majibu. Nikatazama juu ya bega lake. Cheche alikuwa ametoa kofia, nywele zimemlowa jasho, amesimama karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Mwandishi akamgeukia.

"Ni kweli? Dada yako ndiye aliyepanga?"

Cheche aliniangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kabla yake. Ilikuwepo, hata mtu mzito wa taa angeiwahi.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Mwandishi akaandika. Baba akanivuta kifuani, ananuka grisi na jasho, akaniambia asante mwanangu. Nami nikasema, karibu Baba.